Nilimharibia mpwa wangu chuo, lawama akabeba yeye

Nifichieni jina jamani, maana kuanzia Nachingwea hadi Ruangwa hakuna asiyenijua. Nina miaka sitini na sita. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa maneno hata wanasheria nawakalisha.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa chuo. Alizunguka Nkowe kwa baiskeli mwezi mzima akihoji wakulima wa korosho, akaandika utafiti wake kwa mkono. Mimi nilikuwa nikijisifu kwamba kompyuta za Dar nimezimaliza zote, kumbe nilikuwa mlinzi wa ofisi tu. Akaniamini, akanipa daftari nikamchapishie Nachingwea mjini.

Nikaliona jembamba. Pale steshenari kulikuwa na flopi ya kompyuta yenye utafiti mnene wa mtu mwingine, kuhusu kahawa. Nikamwambia binti wa mashine, "Toa kahawa, weka korosho. Toa jina la mwenyewe, weka la mpwa wangu, na kijiji weka Nkowe."

"Mzee, itakubali kweli?"

"Mwanangu, mimi nimefundisha watu kompyuta!"

Mpwa wangu alinikuta stendi, basi linaondoka. Akapokea, hakusoma.

Mwalimu wake ndiye aliyesoma. Eti wakulima wa Nkowe huchuma korosho mtini zikiwa nyekundu, na mgeni akija hukaribishwa kikombe cha korosho ya moto. Sisi korosho tunaiokota chini, hata mtoto anajua. Akajua kazi imeibwa, mpwa wangu akafukuzwa chuo.

Dada yangu akatuita. Mpwa wangu akasema taratibu, "Mjomba, si nilikupa daftari langu?"

Nikafoka, "Nilichapa ulichonipa! Unanisingizia mimi?"

Kwetu Wamwera mjomba akishasema, mpwa hajibu. Akainamisha kichwa. Mama yake akamwambia, "Mwizi mkubwa wewe, umetuaibisha." Na mimi nilikaa palepale, nikanywa chai.

Leo analima Nandagala. Akiniona anapiga goti, "Shikamoo mjomba." Naitikia huku natazama pembeni.

Sasa binti yake amepata chuo. Jumapili ukoo unakutana kumuaga, na dada yangu ameniambia, "Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu. Mwonye mtoto asije akaiba maandishi ya watu kama mama yake." Na huyo mama atakuwepo, amekaa mkekani, ananisikiliza.

Mimi niliyejaliwa mdomo, safari hii sina neno. Nishaurini ndugu zangu, nikisimama pale mbele yake nianzie wapi?