Ngata Niliyoisahau Kichwani

Kisa hiki kinanionyesha mjinga, nalijua hilo, wala sijitetei. Ndugu zangu wamenicheka mpaka wamechoka. Sasa chekeni na ninyi.

Vita vilikuwa vimekwisha, au tuseme waliopigana ndio waliokwisha. Njaa ilikuwa imekaa majumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nilikuwa kijana wa Maposeni, nimesoma kwa mapadri kiasi cha kujua kusoma, kuandika, na kuiga padri anavyokohoa kabla ya kusali. Mdomo wangu ulijulikana. Baba alikuwa akisema siku nikifa mimi, mdomo utazikwa kesho yake.

Siku hiyo alinituma Songea mjini, peke yangu, nimpelekee mfanyabiashara mmoja wa pwani mzigo wa nta. Nta nzito ile! Nikasokota ngata ya majani ya mtama, nikaiweka kichwani, mzigo juu yake.

"Ukishatua, rudi," baba akaniambia. "Usitembeetembee. Mjini siku hizi hata kivuli kinaulizwa kinatoka wapi."

Nikafika, nikatua, nta ikapokelewa. Ujinga wenyewe ndio huu: mzigo nilitua, ngata ikabaki kichwani. Mtu aliyebeba tangu alfajiri haisikii tena ngata, kama kidole kisivyosikia pete. Na wanaume wetu walipokwenda vitani walijifunga majani ya mtama kichwani vivyo hivyo, alama kwamba wameipokea dawa ya maji ya kuzuia risasi. Nililijua hilo kama jina langu. Baada ya vita, aliyeonekana na majani yale hakuulizwa mengi. Mbele ya boma la Wazungu palikuwa na nguzo mbili na gogo limepita juu yake, na hakuna aliyedhani ni za kuanikia nguo.

Nikajiambia, mji huu nitauona tena lini? Nikaanza kutembea.

Mlango wa yule mtu wa pwani peke yake ulinichelewesha. Ulibebwa vipande vipande vichwani mwa watu kutoka Kilwa, umechongwa maua na minyororo mpaka huoni pa kubishia hodi. Nikaufuatisha kwa kidole, ua kwa ua. Kisha nikaenda kwa wahunzi, kule moshi unakotoka, nikasimama kutazama jembe linavyozaliwa jekundu. Mhunzi aliponiona akaacha nyundo hewani. Nikampungia mkono. Akainamia moto wake kama ananitafuta mle ndani.

Njiani mama mmoja alimvuta mwanawe kwa nguvu, karibu amng'oe bega. Wanaume wawili waliokuwa wakinijia wakakumbuka wana shughuli upande mwingine. Mimi nikaona sawa tu. Nikajisemea, watu wa mjini hawajawahi kuona kijana mzuri.

Sokoni palikuwa na bibi mmoja anayefinyanga vyungu. Vyungu vyake vilikuwa na nakshi shingoni, amezichora kwa kigae, mistari imepandana kama michirizi ya mvua kwenye mchanga. Kimoja kilikuwa kimepinda kidogo.

"Shikamoo bibi. Hiki nacho kimesikia habari gani, mbona kimegeuza shingo?"

"Marahaba. Kimegeuka kukutazama wewe. Mjukuu wangu, hebu kichwani kwako..."

"Najua, bibi. Kizuri. Nimerithi kwa mama."

"Nyamaza nikwambie..."

Sikunyamaza. Nilishaondoka, nacheka mwenyewe, nakwenda kutazama kuta za boma zilizopakwa chokaa. Ndiyo, kule kule.

Wafungwa walikuwa wakisomba mawe, mnyororo mmoja shingo hata shingo. Nilipokaribia walipunguza mwendo wote pamoja. Mmoja wao, mtu mzima wa rika la baba, akanitazama juu ya macho yangu, akatikisa kichwa polepole. Akagusa paji lake la uso, haraka, kama anafukuza nzi.

Nami nikagusa langu. Nikakuta majani.

Nikataka kuivua, nikaona nikiivua sasa hivi ndiyo nimekiri. Nikataka kukimbia, nikaona bunduki. Mkono wangu ukabaki hapo hapo kichwani.

"We! Simama!"

Askari alikuwa mrefu, kiboko mkononi. Akaniinulia kidevu kwa ncha ya kiboko, kisha akaigusa ngata.

"Hii nini?"

"Majani, efendi."

"Najua majani. Ya nini?"

Mdomo wangu mzima, ule wa kuzikwa kesho yake, ukatafuta neno ukakosa. Nilisikia tu maji ya moto yakinishuka mguuni. Mzigo wa kumwonyesha sikuwa nao. Nyuma ya bega lake niliziona zile nguzo, na gogo lake, na kamba iliyokuwa ikicheza kwa upepo taratibu.

"We mtoto mvivu!" Sauti ikatoka nyuma yangu. "Nakutuma chungu, wewe unakuja kutazama kuta?"

Yule bibi. Alikuwa anahema, amekibeba kile kilichopinda. Hakumwomba askari ruhusa. Akainua chungu, akakikalisha juu ya ngata yangu, kikaenea.

"Mjukuu wako?" askari akauliza.

"Angekuwa na akili ningesema si wangu. Huyu ni wangu."

Askari akatazama chungu, akatazama suruali yangu, akaanza kucheka. "Mwanamume mzima anabeba chungu! Haya, kama hiyo ni ngata, tembea tuone. Mpaka kule kwenye nguzo, urudi. Usishike. Kikianguka, unaingia ndani."

Chungu kitupu ni kibaya kuliko kilichojaa. Upepo unakichezea. Nilitembea shingo imekaza, macho mbele, na mbele ni nguzo tu, zinakuja. Niliwaza baba atapewa habari na nani. Nilipogeuka chini ya gogo, chungu kikayumba, nikasikia wafungwa wote wamevuta pumzi na mnyororo wao ukalia mara moja. Kikatulia. Nikarudi.

"Peleka chungu, mama," askari akasema, akaondoka bado anacheka.

Sikumbuki njia. Nakumbuka bibi ananitua chungu nyuma ya kibanda chake, mimi nikakaa chini nikalia kwa sauti. Hakunibembeleza. Alichukua kigae chake, akaanza kuchora nakshi kwenye chungu kibichi.

"Mwanangu alivaa ya namna hiyo," akasema. "Yeye kwa kusudi. Alikuwa na maneno mengi kama wewe. Sikuwa na chungu karibu."

Nikamshika miguu, nikainuka, nikashika njia ya Maposeni mbio mbio, sitazami mlango wala mhunzi.

Sijafika mbali nikamsikia anapiga kelele nyuma yangu, sauti imempasuka:

"We mjukuu! Bado unayo kichwani!"