Paipu za Oili za Gari la Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilipewa ndoo ya mafuta ya taa, brashi na lundo la vipuri vilivyojaa masizi, nikaambiwa nisugue. Ilikuwa karakana ya kiwanda cha nguo mjini Thika, na mimi ndiye niliyekuwa msichana pekee ndani ya ovaroli, tena ovaroli iliyoshonewa mwanamume, nimeikunja miguuni mpaka inafanana na soksi nene. Wanaume walinipita wakinitazama kana kwamba nimepotea njia ya jikoni. Niliwaacha watazame. Jioni Foreman, mkuu wa karakana, alivigeuzageuza vile vipuri mkononi, akakosa la kulalamikia, nami nikajua nitakaa.

Foreman huyo alikuwa na maneno machache na sauti kubwa. Ndiye aliyeniingiza kwenye paipu za oili, kwa kuwa mkono wangu mwembamba ulipenya mahali ambapo ya wenzangu ilikwama. Ninyi vijana mnaosoma haya mjue kwamba oili haikai tu ndani ya injini. Pampu huisukuma kwenye vyuma vinavyosuguana, nayo hurudi ikiwa moto, na katika magari mengine hupelekwa mbali ikapoe kwanza. Paipu ikitoboka, vyuma hukauka na kuanza kulana.

"Wewe msichana!" alinifokea siku aliponikuta nikifungua kiungo kwa spana moja. "Unataka kunyonga hiyo paipu? Spana mbili! Moja inashika, ingine inazungusha."

Kutoka Thika nilihamia shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, chini ya Msimamizi wa Mitambo, mzee mpole aliyenywa chai bila sukari na kumcheka kila aliyeitia. Yeye alinifundisha kuutafuta mvujo. Alisema mahali unapoona oili si lazima pawe ndipo inapotokea, maana hutembea na upepo na kujificha. Kwa hiyo unaosha injini, unaikausha, unaipaka poda ya mtoto, unaiwasha, halafu unatazama poda inalowa wapi kwanza. Nilinunua poda mara nyingi hivi kwamba mwenye duka alikuwa akiniuliza, "Na mtoto hajambo?" Nami namjibu hajambo, ni trekta.

Mwisho nilifika kwenye gereji ya Ruiru, ambako wote waliniita Mama Ciku mpaka nikastaafu. Mwenyewe alijiita Mkurugenzi, ingawa kampuni nzima ilikuwa paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya magari na mbwa asiyebweka. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka. Kila gari kwake lilikuwa la kutoka leo.

Hapo ndipo Daktari alipotuletea gari lake. Alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mkazi wa Kamenu, na gari lilikuwa la spoti la zamani, la kijani, milango miwili, injini nyuma. Lilikuja likiburutwa kwa kamba. Kwenye barabara kuu oili ilikuwa imedondokea ekzosi ya moto, moshi ukajaa ndani, na mkewe, Mama Nyambura, akaruka nje kando ya barabara katika nguo zake za kanisani. Hakuumia, lakini aliapa.

"Amesema hataingia tena," Daktari alituambia, kofia mkononi. "Na kama haingii, basi niuze. Kuna kijana anataka kulinunua alikate, auze vipande. Mimi nitaendesha na nani, Mama Ciku? Hii gari ndio ilinipeleka kwa kina mama yake kumposa."

Alinitazama mimi, si Mkurugenzi. Niseme ukweli, nilifurahi kutazamwa hivyo.

Niliingia shimoni na poda yangu. Katika gari lile tangi la oili linakaa kando ya injini, na paipu mbili ndefu za shaba zinapita chini ya mlango wa kulia mpaka mbele, ambako oili inapoa na kurudi. Nyuma ya gurudumu zinakutana na thamostati, kidude cha alumini kinachofungua njia ya kwenda mbele oili ikishapata moto. Poda ililowa sehemu tatu. Mbili zilikuwa kazi ya mafundi wa awali, nami nilizicheka kwanza, kisha nikakasirika: walikuwa wameunganisha hosi ya maji, ile ya bustani kabisa, wakaibana kwa klipu na kuifunga kwa mpira wa tyubu. Oili ya moto huilainisha hosi ya maji mpaka ivimbe. Kila mtu hapa kwetu amewahi kufunga kitu kwa tyubu ili afike nyumbani. Kosa ni kusahau kwamba ulikuwa unatafuta kufika nyumbani tu.

Sehemu ya tatu ilikuwa pale kwenye thamostati, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nati ya paipu ilikuwa imeshikana na nyuzi za alumini, ile mikato ambamo nati huzungukia, kwa miaka mingi. Nilishika kwa spana moja, nikazungusha kwa ingine. Haikusogea. Nilipasha moto, nikapiga dawa ya kutu, nikangoja, nikajaribu tena. Wapi.

Mkurugenzi alichungulia shimoni. "Mama Ciku, weka paipu ndefu kwa hiyo spana uivute kwa nguvu kabisa. Itatoka."

"Itatoka na nyuzi za thamostati," nikamwambia. "Na thamostati ya hii gari utaitoa wapi? Kwa mitumba ya Gikomba?"

"Basi funga na gundi ya gasketi tuachane nayo. Mzee ataendesha polepole."

"Gundi itabanduka ndani iende izibe njia. Tutamuulia injini."

"Ai, mama! Sasa unataka kufanya nini?"

"Nataka kuikata nati."

Alishika kichwa. Kwake kukata kitu cha mteja kulikuwa dhambi. Lakini paipu ile ilikuwa ya kutupwa hata hivyo, na nati ilikuwa yake. Thamostati ndiyo isiyopatikana. Niliichana nati kwa msumeno mdogo, kwa urefu, polepole, nikipima kwa ukucha kila mara nisije nikagusa alumini. Nikapumzika, nikarudi. Ilipobaki ngozi tu ya chuma niliweka patasi kwenye ufa na kuigonga kidogo. Nati ikafunguka kama ganda la njugu. Nyuzi za chini zilikuwa nzima, zote, zinang'aa. Nilipiga kelele shimoni mpaka yule mbwa akabweka.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kawaida, nami naipenda kazi ya kawaida. Nilipinda paipu mpya kwa kufuata umbo la zile kuukuu, nikaweka hosi za oili hasa, zenye waya ndani na ncha zilizobanwa kwa mashine. Nilipaka grisi kwenye nyuzi ili fundi atakayekuja baada yangu asinilaani. Kisha tulizungusha injini kwa stata bila kuiwasha, mpaka mshale wa presha ukapanda, maana injini yenye paipu tupu haiwashwi hivi hivi.

Daktari aliendesha mpaka Thika na kurudi, mimi kando yake. Mama Nyambura alikuwa akitungoja gerejini, mkoba kifuani. Hakuniamkua. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa chake cheupe cha kichwa, kile cha kanisani, akakikunjua na kukitandaza chini ya injini, juu ya sakafu ile yetu chafu.

"Atĩrĩrĩ, hebu nisikilize, Mama Ciku," alisema, "mimi sijui mambo ya paipu. Hiki najua kukisoma. Tutakunywa chai, halafu nikiangalie."

Chai hiyo sikuionja. Daktari alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Mkurugenzi alikuwa anaomba, nadhani. Mama Nyambura alipoinuka sote tuliinuka. Alikivuta kitambaa, akakitikisa, akakigeuza mbele na nyuma kwenye mwanga, akakinusa hata.

"Kiko na vumbi yenu tu," akasema. Kisha akakifunga kichwani, akazunguka upande wa abiria, akaingia, akafunga mlango mwenyewe. "Baba Nyambura, utasimama hapo mpaka lini? Twende nyumbani."

Daktari alinijia kwanza. Alinishika mkono wenye oili, akaung'ang'ania, machozi yakimtoka waziwazi. Nami nililia, na siioni aibu.

Sasa nimestaafu, nakaa Gatongora. Vijana huniuliza kama sijutii maisha chini ya magari. Sijutii. Nilikuwa fundi mzuri, na sioni kwa nini niseme hivyo kwa sauti ya chini. Kazi ya paipu ikifanywa vizuri haionekani, hakuna anayesimama kuisifu, basi mwenyewe lazima ujue kuitazama. Binti yao Nyambura anaishi karibu na kwangu, na Jumapili nyingine wazee humtembelea baada ya kanisa. Nikisikia mngurumo ule natoka hadi getini. Wao hunipungia, nami nawapungia. Wakishapita naingia barabarani, nainama na magoti yangu haya mabovu, natazama lami walipopita. Kavu.