Shule Inayokunjwa Kila Ijumaa

Kila Ijumaa saa saba mchana tunaikunja shule. Meza hukunjwa miguu, mbao hugeuzwa uso ukutani, vitabu huingia kwenye makasha ya magurudumu, na makasha husukumwa nyuma ya pazia la jukwaa. Michoro ya watoto hubanduliwa mmoja mmoja. Jumamosi ukumbi ni wa harusi na matanga, Jumapili ni wa ibada. Ukumbi ni wa kanisa. Sisi ni wapangaji. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, Bi Refugio Zaragoza, msafishaji wetu, hufungua mlango na kuikunjua tena, peke yake. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja.

Mimi nafundisha darasa la tatu, upande wa jikoni. Yetu ni shule ya mkataba: ni ya umma, haina ada, ila inajiendesha yenyewe, na majengo haipewi. Kodi ya ukumbi hutoka katika fungu lilelile la vitabu na mishahara. Ng'ambo ya barabara iko shule ya Walnut, ambayo idara ya elimu ya mji wetu wa Alder Flats iliifunga miaka minne iliyopita kwa kukosa wanafunzi, nasi tulikuwa tumeomba tupewe jengo lake. Bi Refugio aliisafisha shule ile miaka kumi na tisa kabla ya kuja kwetu. Anajua ni bomba lipi hulia na ni dirisha lipi hugoma.

Ana miaka sitini na minane, na magoti yamechoka kabla yake. Alikuwa akituambia, "Nitaikunjua mara moja tu, kule Walnut. Siku ya pili nakaa nyumbani nimwagilie pilipili zangu."

Hakuwa anaota. Sheria ya California inaitaka idara igawe majengo kwa haki, hata kwa shule kama yetu, mradi iwe na watoto themanini wanaoishi mjini humo. Mwaka huu tulifika themanini na watatu. Kilichobaki kilikuwa fomu: kila mzazi aandike jina la mtoto na mahali anapoishi, kabla ya Novemba mosi. Bi Refugio, ambaye wazazi humwita Bi Cuca, ndiye aliyezizungusha, mpaka kwenye trela wanamoishi wavunaji wa vitunguu, akisubiri mlangoni mpaka mama anawe mikono ashike kalamu.

Jibu lilikuja Ijumaa moja ya Februari, tukiwa katikati ya kukunja. Mkuu wetu, Mwalimu Ofelia Tamayo, alilisoma amesimama, akatoka kupiga simu idarani, akarudi.

"Wamekataa fomu saba," alisema. "Zimeandikwa namba ya sanduku la posta badala ya makazi. Tumebaki sabini na sita."

Meza moja ilikuwa bado na miguu miwili nje.

"Nani aliwaambia waandike sanduku?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bi Refugio.

"Kwa nini, mama yangu?"

"Kule kwenye trela barua hupotea, mwalimu. Na wenyewe wanahama, vitunguu vikiisha wanafuata zabibu. Nikawaambia andikeni sanduku, sanduku halihami."

"Hatuwezi kusahihisha?" niliuliza.

"Nimepiga simu. Muda wa kusahihisha ulikwisha zamani. Wanasema tuombe tena mwakani."

Yesenia Ocegueda, mama wa mapacha wa darasa langu, alikuwa amekuja kutusaidia kukunja. Alipoelewa kwamba fomu zake mbili zilikuwa miongoni mwa zile saba, alicheka kwa nguvu. "Kwa hiyo wanadhani wanangu wanalala ndani ya kisanduku cha posta! Na baba yao na lile tumbo lake analala wapi?"

Sote tulicheka isipokuwa Bi Refugio. Alikuwa amekaa juu ya kasha la vitabu vya hesabu, akitazama dirishani, kule Walnut, ambako magugu yamepita kimo cha uzio.

"Usijilaumu, Bi Refugio," alisema Mwalimu Ofelia.

"Sijilaumu. Nimechoka tu." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe fomu ya mwakani."

"Ni Februari, mama. Bado hata hazijatolewa."

"Nipe basi karatasi yoyote."

Alipoipata, Bi Refugio akampa Yesenia karatasi hiyo na kalamu. "Andika mahali watoto wanapolala."

"Trela yetu haina namba, Bi Cuca. Unajua."

"Andika: trela ya kijani, nyuma ya ghala la vitunguu, barabara ya Tule. Andika na ule mtaro. Andika mpaka mtu akiwa na macho asikukose."

Yesenia aliandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Bi Refugio aliikunja karatasi ile mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni, akajiinua kwa kushika ukuta.

"Sasa shika huko," alimwambia, akiinamia ile meza ya miguu miwili. "Kesho saa tatu kuna matanga."