Jina Alilopewa Mdogo Wangu

Wiki iliyopita, sokoni Nyamisangura, mama mmoja alifunua majani makavu ya mgomba mbele yangu, na harufu ya sukari guru ikanipanda puani. Ni harufu ya miwa iliyochemshwa hadi ikakaribia kuungua, tamu mno, na ndani yake kuna moshi. Watu walikuwa wakinunua wakicheka. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili, nikamkanyaga mtu. Nimemaliza chuo kikuu, nimesoma vitabu vinavyoeleza kwa nini binadamu huogopa vitu visivyo na madhara, na bado donge la sukari linanifukuza sokoni. Nitawaeleza kwa nini, kwa sababu nyumbani kwetu sijawahi kueleza yote.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Turwa, hapa Tarime, kwenye safu ya nyumba ambazo watu walihamishiwa mwaka kijiji kilipopangwa, nyumba zinazotazamana kama wanafunzi mstarini. Baba alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwani, mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Mama alikuwa Mkurya wa hapohapo, mtu wa maneno machache. Kila Jumatano saa kumi, watu wakishatoka shamba la kijiji na miguu yao bado ina udongo, waumini kama kumi walikuja sebuleni kwetu. Waliacha majembe nje ukutani, Baba akafunga madirisha, joto likatushika, na maombi yakaanza.

Walikuwa wakiwaombea wachungaji wa Uganda. Askari walikuwa wametwaa nchi ile, na habari zilizotufikia zilikuwa za makanisa kufungwa na wachungaji kuchukuliwa madhabahuni wakiwa na kanzu zao. Majina yaliletwa mara moja kwenye karatasi, yakakaririwa, kisha Mama akaisukuma karatasi chini ya chungu cha maharage ikaungua. Kila nyumba ilipewa jina moja la kubeba. Yetu ilipewa Mchungaji Erisa.

Huyo tulimfahamu. Kabla ya mambo kuharibika alikuja kwenye mkutano wa kanisa, akalala kwetu juma zima. Alikuwa mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Alikula ugali wa mtama akaomba tena, na bibi yetu mzaa baba, tuliyemwita Dani, akampenda kuanzia hapo. Siku ya kuondoka alimwambia Baba, "Mwalimu, mkinitaja, nitajeni kwa jina. Mungu ana wachungaji wengi, asije akachanganya." Watu walicheka. Kwa hiyo kila Jumatano Baba alilitaja jina lake kwa sauti, mara tatu, na sisi tukaitikia. Mimi sikufumba macho. Niliwatazama watu wazima wakiongea na dari, nikajiuliza nani amewahi kuona jibu likishuka.

Halafu akaja balozi wa nyumba kumi.

Alikuja Jumatano moja watu wakiwa ndio wametoka, akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Baba mkono, akaniuliza darasani nimekuwa wa ngapi, akanywa uji. Kisha akasema, bila kuinua sauti:

"Mwalimu, majirani wanasikia. Kuna mtu wa Uganda mnamtaja hapa. Huyo Erisa ni nani?"

"Ni mchungaji, Mzee. Tunamwombea."

"Tuko mpakani, Mwalimu. Kule juu wananiuliza nani anakutana na nani, na mimi naandika. Sasa niandike nini?"

Balozi alimaliza uji, akafuta mdomo, akasema, "Nitapita tena." Alipotoka nilimwona Baba akitazama kikombe kile kitupu kwa muda mrefu, na mkono wake uliokuwa juu ya meza ulikuwa ukitetemeka. Sikuwahi kuuona ukitetemeka. Tangu saa hiyo nilijua, kwa uhakika ule ambao watoto peke yao wanao, kwamba Baba atachukuliwa kama wale wachungaji, na atakayesababisha ni Erisa. Lakini Jumatano iliyofuata Baba alifunga madirisha kama kawaida. Sauti yake ilishuka tu. Jina alilitaja mara moja badala ya tatu.

Katikati ya hofu hiyo Mama akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akalia.

Msidhani ni kulia kwa kawaida. Alilia tangu asubuhi hadi sauti ikakauka, akanyonya kidogo, akaendelea pale alipoachia. Mganga wa zahanati alimpima akasema ni mzima. Dani akafika kutoka ziwani na kikapu cha dagaa, akamsikiliza mjukuu wake kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, akasema, "Huyu hana ugonjwa. Anadai jina."

Kwao ndivyo ilivyokuwa. Mtoto hupewa jina la ndugu au rafiki wa nyumba aliyekufa, na asipopewa lile linalomtaka, hulia. Basi unamtajia wafu mmoja mmoja, na akinyamaza, umempata. Baba alijaribu kukataa.

"Mama, sisi tumeokoka."

"Hata mimi nimeokoka. Nilibatizwa kabla yako," Dani alisema. "Wokovu umemzuia nani kufa? Nipe mtoto."

Alianza na babu yetu. Mtoto akalia. Akamtaja kaka wa babu, shangazi, hata shemeji yake aliyeliwa na mamba akiwa amelewa. "Okech! Basi Okech mwenyewe, mlevi wee, kama ni wewe nyamaza!" Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akashika tumbo. Mtoto hakucheka. Siku tatu Dani alipita ukoo wote, na siku ya tatu jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, alikaa uani akiwa amechoka, Mama akaenda kuoga, na mtoto akaachwa mikononi mwangu.

Ndani ya pindo la gauni langu kulikuwa na donge la sukari guru. Dani aliniletea, na kwa kuwa wakati ule sukari ilipatikana kwa foleni, nililificha na kulilamba kidogo kidogo. Nililitoa. Nikalilowesha mate, nikalisugua kidoleni mpaka kidole kikawa cha kahawia.

Msiniambie nilikuwa mtoto sikujua. Nilijua nitataja jina la nani, na nilijua maana yake. Nilitaka kelele ziishe. Nilitaka pia kuona kama wafu huchagua kweli au tunawachagulia. Na zaidi ya yote nilitaka balozi asipite tena.

"Dani," nilisema, "labda ni Erisa."

Nikatia kidole kinywani mwa mtoto, mgongo wangu ukiwa umemkinga.

Alinyamaza. Ukimya ule niliusikia masikioni kama mlio. Mbuzi wa jirani alilia mbali, kisha naye akaacha. Dani aliinuka polepole kwa kushika ukuta, akaja, akamtazama mtoto aliyekuwa akinyonya kidole changu kwa macho yaliyofunguka, na uso wake ukazeeka nikiuona. Alijifunga kanga kichwani vizuri, kama anayekwenda msibani.

"Erisa," alimwambia mtoto, "pole, mwanangu. Kumbe wamekuua."

Akaanza kulia.

Jumatano iliyofuata waumini walikaa na madirisha wazi. Kijana mmoja wa kwaya alisema hii ni imani ya kishenzi, hatuna barua wala shahidi, tuendelee. Wengine walimtazama Baba. Baba alitazama sakafu. Alisema marehemu haombewi katika kanisa letu, alisema tuwaombee walio hai, tena kila mtu aombe nyumbani kwake. Walikubali haraka mno. Waliimba wimbo mmoja wa mazishi, wakachukua majembe yao.

Balozi alipopita tena, Baba alikuwa amempakata mtoto.

"Erisa ni nani, Mzee? Huyu hapa," alisema. Balozi aliandika, akamshika mtoto shavu, akaenda zake. Usiku huo nililala vizuri. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu kwa kidole kimoja, na sikuona kama nimemchukulia mtu chochote, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa mbali na pengine alishakufa kweli.

Vita na Uganda ilikuja, ikaisha. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili, anakimbia na tumbo wazi, mgeni alipofika. Alikuwa mwalimu wa upande wa Tororo, Uganda, mguu mmoja mzito, na lugha yake ilikaribiana na ya Dani hadi wakaelewana wakicheka maneno. Kabla hajanywa maji alimshika Baba mikono yote miwili.

"Nilifungwa pamoja na Mchungaji Erisa," alisema. "Nilimwahidi nikitoka hai nitafika katika nyumba hii kuwashukuru."

Akatueleza. Gerezani hawakuwa na saa, lakini Erisa alihesabu siku kwa mafundo ya uzi aliouchomoa shatini. Jumatano, kivuli cha nondo ya dirisha kikifika mahali fulani ukutani, alinawa uso kwa maji yake ya kunywa, akakaa wima. "Sasa hivi," aliwaambia wenzake, "Tarime wananitaja." Wengine, hata wasio Wakristo, walijifunza kukaa naye. Siku walipomtoa haikuwa Jumatano. Alisema tu angependa ingekuwa.

"Lini?" Baba aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Vuli hii iliyopita."

Ndipo mdogo wangu akaingia mbio akifukuza kuku, na Mama, kwa mazoea tu, akaita, "Erisa! Toka humo!"

Mgeni aligeuka. Alimtazama mtoto, akamtazama Dani, na kwa kuwa alikuwa wa watu wenye desturi kama yetu, hakuhitaji kuelezwa.

"Ana umri gani?"

"Miwili," Dani alisema kwa sauti ndogo.

Mgeni alihesabu. Tulimwona akihesabu. Kisha akachukua maji yake, akanywa yote, akasema maji ya Tarime yana baridi nzuri. Aliondoka asubuhi. Baba hakuwahi tena kuongoza maombi. Dani alikufa akiamini masikio yake yalianza kumdanganya siku ile.

Mimi siamini kwamba maneno yaliyosemwa Turwa yangeweza kuzuia risasi huko. Nimelibishania jambo hilo na wachungaji, wakachoka wao. Lakini miezi mingi mtu alikaa wima akiegemea kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakiondoa, na hakuanguka, kwa sababu hakujua. Sijui niliite nini jambo hilo. Hata chuoni sikulipatia jina.

Krismasi iliyopita nilimwambia Mama nusu yake tu, nilikuwa naanza kusema kuhusu kidole. Alikuwa akichambua mtama. Hakuinua kichwa.

"Sukari guru," alisema. "Nilimnyonyesha jioni ileile, nikaisikia mdomoni mwake."

"Na hukusema?"

Alipepeta ungo, makapi yakaruka, mtama ukarudi.

"Siku tatu, Anyango. Na ule mkono wa baba yako mezani, nami niliuona." Alipuliza vumbi. "Mtoto alikuwa amenyamaza."