Uchu si ulafi: udongo aliouendea mama mkwe wangu nje ya handaki

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi nimekula chumvi nyingi, hata uongo hauna faida kwangu tena. Mjukuu ndiye anabonyeza simu, mimi nasema tu.

Amenisomea mahali mtu humu ameandika kwamba uchu ni ulafi. Nimeudhika!

(Uchu wa madaraka, sawa. Hao ni walafi kweli.)

Lakini uchu wenyewe hukushika ghafla kama kwikwi. Ukimshika mwenye mimba, kwetu Embu lazima atafutiwe anachotaka.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilikuwa na mimba ya kwanza. Mume wangu yuko kizuizini. Nyumba zetu zilichomwa, tukarundikwa kijiji kimoja chenye geti na homgadi, wenzetu weusi waliopewa bunduki na mkoloni. Wanawake tulishinda tukichimba handaki la kukizunguka.

Basi uchu ukanishika. Wa udongo!

Ule wa handaki niliuonja nikautema. Nilitaka wa kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu iliyochomwa. Nikamlilia mama mkwe, mwanamke mkali ambaye hakuwahi kuniita mwanangu.



Kesho yake tulipofunguliwa kwenda mtoni, alichukua kiondo akaachana na sisi njiani. Jamani! Aliyepatikana nje ya njia ya mto alihesabiwa kuwa anawapelekea chakula watu wa msituni, waliopigana na mkoloni, na hiyo ilikuwa risasi. Nilirudi getini nikijilaani.

Geti likikaribia kufungwa, nikamwona anakuja, anachechemea.

"Mama! Weka kiondo chini!" homgadi akafoka. "Hiyo ni chakula ya nani?"

"Ni ya bibi ya kijana yangu. Ako na mimba, ameshikwa na uchu."

Homgadi akaingiza mkono, akatoa udongo, akaunusa. Nani angewalisha watu wa msituni udongo? Akaniangalia tumbo.

"Hata bibi yangu alikula hii," akasema polepole. "Pita, mama. Lakini usirudie."

Nilikula huku nikilia. Kuinua macho, mama mkwe naye anatafuna. Mtu aliyemaliza kuzaa zamani!

"Usifikiri ni wewe peke yako, mwanangu," akaniambia. "Hata mimi nilikuwa na uchu wa nyumbani."

Kwa hivyo wakuu, mtu akisema ana uchu, msimcheke kwanza. Muulizeni ni wa nini, na wa wapi.

Na nyinyi ukiwashika huwa wa nini? Andikeni, mjukuu atanisomea.

Kile kichuguu bado kipo. Hakuna mtu namruhusu akivunje.