Kuseti Mchezo Nilioufuta

Nikiwa na miaka ishirini na sita nilipeleka posa Kisauni, na jibu lilikuwa bado. Barua aliipeleka ami yangu, na aliyeipokea alikuwa kaka wa binti, kwa kuwa baba yao alikwisha tangulia mbele ya haki. Kaka mtu alikuwa karani bandarini, mtu wa sauti ya chini na masharubu yaliyopunguzwa vizuri. Alimwambia ami, "Tutamuuliza mwenyewe, kisha mtatusikia, inshallah." Maneno hayo kwetu yanaweza kuchukua wiki, na yanaweza kuchukua mwaka.

Ningekuwa na akili ningekaa kwetu Mikindani nikangoja. Badala yake, wiki ile ile nilikutana na kaka mtu harusini, tukawekwa kwenye sinia moja la biriani. Katikati ya chakula akaanza kunilalamikia kuhusu kompyuta yake. Alikuwa na mchezo mmoja wa zamani aliopewa na baharia miaka ya nyuma: askari mmoja peke yake, mahandaki yaliyojaa mashetani, na bunduki. Tangu kompyuta itiwe mfumo mpya, mchezo ulikuwa bubu, na baada ya dakika chache uliganda.

Sasa, kulikuwa na gazeti la kompyuta ofisini kwetu Changamwe, limepasuka jalada, nami nilikuwa nimelisoma mara tatu kwa kukosa kazi. Humo niliona kwamba wenye mchezo ule walikuwa wametoa maandishi ya ndani ya programu yao, bure, kila mtu ayaone. Watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana na wasiolipwa, walikuwa wakiyarekebisha ili mchezo uende kwenye mashine mpya, kwa picha safi zaidi. Nikamweleza yote hayo kama kwamba nilikuwa mmoja wao.

"Na kuitia hiyo mpya ni kazi kubwa?" akauliza.

"Dakika kumi," nikasema, huku nikichukua nyama iliyokuwa upande wake.

Ujuzi wangu, kwa wanaotaka kujua, ulikuwa cheti cha miezi mitatu kutoka chuo kilichokuwa juu ya duka la rangi. Nilifundishwa kuandika barua na kupanga safu za majina. Kazi yangu ilikuwa kuandika magunia yanayoingia na kutoka ghalani. Lakini mbele ya shemeji mtarajiwa, mtu hasemi "sijui". Angalau mimi sikusema.

Programu yenyewe niliipata mjini, kwenye moja ya yale maduka ya mtandao yaliyokuwa yameanza kufunguliwa. Ilishuka taratibu nusu siku nzima, nikatoka na disketi mbili mfukoni na kifua mbele. Jumamosi ile nikapitia Kongowea nikanunua machungwa, nisiingie nyumba ya watu mikono mitupu, nikabisha hodi Kisauni baada ya alasiri.

Mama mtu ndiye aliyenifungulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndoo ndani, keti kitako." Akaninong'oneza, "Wakuja kuyafufua yale mashetani? Tangu yanyamaze nami nimepumua."

Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama mtungi wa maji. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia la kijani lililofika chini, na nyuma ya pazia, nilijua, alikuwako binti. Alikuwa akisomea ukarani chuoni mjini. Nilikuwa nimemwona mara nne maishani mwangu, mara zote mchana na mbele za watu, na moyo wangu ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo ile kazi sikuifanya kwa macho ya kaka mtu tu. Niliifanya nikiwa nimenyoosha mgongo na kugonga vitufe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ili asikie.

Kaka mtu akatoka uani kutia udhu wa magharibi. Nikatia disketi ya kwanza. Mashine ikanijibu kwamba haina nafasi.

Hapa ndipo nilipojionyesha. Nilifikiri jambo lililo wazi kabisa: mtu akileta kitanda kipya, kwanza hukitoa cha zamani. Nikatafuta folda ya mchezo wa zamani, nikaandika amri ya kuifuta yote, na mashine ilipouliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo kwa kidole kimoja, kwa madaha. Nafasi ikapatikana tele. Toleo jipya likaingia bila tatizo. Nikaliwasha.

Kioo kikawa cheusi, kisha kikarudi na mstari mmoja wa kusema kwamba faili la data halikuonekana.

Ndipo nikafungua yale maelezo yaliyokuja na programu, ambayo mtu mwenye akili huyasoma mwanzo. Yalikuwa yameandikwa waziwazi. Kilichotolewa bure ni injini tu, yaani programu ya kuuendesha mchezo. Mahandaki, mashetani, bunduki na sauti zote zimo katika faili moja kubwa la mchezo wa zamani, na faili hilo wenyewe hawakulitoa. Linakili kutoka mchezo wako wa zamani, maelezo yalisema, uliweke hapa. Nikasoma mara mbili. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Baharia aliyempa kaka mtu mchezo ule alikuwa amekwisha hama na meli nyingine, wala hakuna aliyejua yuko bahari gani.

Kaka mtu akarudi anapangusa mikono. "Je, sheikh?"

"Imeingia," nikasema. Na kweli ilikuwa imeingia. "Imebaki kuiseti tu. Lakini usiiguse mpaka nimalize, itavurugika."

Tukaenda kuswali, na sijui nilisoma nini katika swala ile.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa Kisauni. Kila nikitoka ghalani Changamwe ninavuka mji mzima, nabisha hodi, naamkia, naketi mbele ya mashine na kuseti. Faili la mipangilio lilikuwa maandishi matupu, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa na namba ya kubadilisha. Nikapanga kitufe cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma. Nikapunguza kasi ya mausi. Nikaongeza mwangaza ili kaka mtu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, aone vizuri ndani ya mahandaki ambayo nilikuwa nimeyafuta mwenyewe. Nikapandisha sauti ya mashetani yasiyokuwako. Sidhani kama kuna mchezo Mombasa nzima uliosetiwa kwa uangalifu kama ule, na haukuwa na kitu ndani.

Kaka mtu alianza kuniheshimu. Aliwaambia jirani zake kwamba mimi sifanyi kazi ya kulipua. Mama mtu yeye alikuwa na maoni yake. Siku ya nne alileta kiti chake sebuleni, akakaa na tasbihi karibu na pazia, akanitazama.

"Mwanangu, hini kazi haishi?"

"Bado kidogo, mama."

"Haya. Kula mahamri." Akacheka peke yake. Alidhani najivutavuta kwa makusudi ili niwe karibu na binti yake, na nadhani jambo hilo lilimpendeza. Mimi nikala mahamri na mbaazi, siku baada ya siku, nikajitia hamnazo. Nilinenepa katika uongo ule.

Saa za mapumziko ya kazi nilitafuta faili. Niliuliza ofisi za Changamwe, niliuliza kila mtu niliyesikia ana kompyuta. Hatimaye mwalimu mmoja wa shule ya Likoni akasema anao ule mchezo. Nikavuka kivuko mbio. Kumbe alichokuwa nacho ni kionjo kilichokuwa kikigawiwa bure: sehemu ya kwanza peke yake, kati ya sehemu tatu. Ukiimaliza, unaambiwa ukanunue zilizobaki.

Nilirudi kwenye feri nikiwa nimeshika bahasha ya disketi na kupiga hesabu za kishetani. Faili la kionjo lingekubaliwa na injini yangu. Kaka mtu angecheza, angefurahi. Kwa mtu wa kazi kama yeye, sehemu ya kwanza ingemchukua mwezi au zaidi. Na katika mwezi mmoja jibu la posa lingekuwa limekuja, na pengine nikahi imefungwa, na shemeji akishakuwa shemeji atasema nini? Sioni fahari kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyowaza, na niliwaza nikitabasamu.

Jumamosi ya pili nikalitia lile faili. Kompyuta ikanguruma, muziki ukapiga, na askari akasimama mlangoni mwa handaki. Kaka mtu, mtu mzima mwenye masharubu, alipiga makofi. Picha ilikuwa safi, sauti imejaa, mwangaza barabara. Alicheza mpaka magharibi. Kwenye mlango akanishika bega.

"Wiki ijayo ami yako atatusikia."

Siku tatu baadaye nilirudi kwa kisingizio cha kurekebisha mausi. Kaka mtu alikuwa bado hajafika kutoka bandarini. Mama aliniketisha, akakaa na tasbihi yake, na kutoka nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza, binti akanisemesha.

"Kaka, samahani nikuulize."

"Uliza," nikasema, na sauti yangu ikapanda juu kama ya mwana wa madrasa.

"Sehemu ya pili na ya tatu zipo?"

Sikujua kwamba alijua kuna sehemu ya pili na ya tatu. Nilipaswa kushtuka hapo. "Zipo. Zinafunguka ukimaliza ya kwanza."

"Maana niliogopa huenda kitu kilifutika kwa bahati mbaya. Hutokea. Ikiwa ulifuta, si neno, sema tu."

Alilisema kwa upole. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningeupita kwa neno moja. Nami nikasema, "Wallahi sikufuta kitu."

Neno lilinitoka kama linavyomtoka muuza samaki. Lakini mimi si muuza samaki, na ile haikuwa habari ya samaki. Vidole vya mama vilisimama juu ya tasbihi, kisha vikaendelea. Yeye hakujua lolote. Nadhani alishangaa tu kwa nini mtu aape kwa ajili ya mchezo.

"Haya," binti akasema nyuma ya pazia. "Ahsante, kaka."

Jibu lilikuja siku ya Ijumaa. Ami alifika Mikindani akiwa na uso wa msiba, akanywa maji kwanza, ndipo akasema. Nyumba nzima ya Kisauni ilikuwa imeridhia: kaka mtu, mama mtu, hata shangazi zao. Binti hakuridhia. Walimuuliza mara mbili, na hakutoa sababu.

"Na hii," ami akasema, "amenipa yeye mwenyewe, nikuletee mkononi. Na kaka yake anaomba uende, mchezo umemkwamia. Amefika mwisho wa sehemu ya kwanza na hauendelei."

Siku sita. Nilikuwa nimemkadiria mwezi.

Alichonipa ami kilikuwa mfuko wa kaki uliofungwa kwa gundi. Ndani mlikuwa na disketi kumi, zimepewa namba kwa mwandiko mzuri wa ukarani, na kikaratasi:

"Kaka, hizi ni faili za mchezo wa zamani. Nilizinakili kabla hujaja, kwa kuwa mimi pia hucheza kaka yangu akiwa kazini, na niliogopa zisipotee. Niliona zimefutika siku ile ile ya kwanza. Anzia namba moja. Kaka yangu hajui, wala sitamwambia."

Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa. Muda wote nilipokuwa nikiseti mwangaza, dawa ilikuwa kwenye droo yake, hatua tano kutoka nilipokaa. Alikuwa akingoja nimwambie mtu yeyote ndani ya nyumba ile kwamba nimekosea. Hata mama yake. Kisha aliponiuliza mwenyewe, nilimwapia. Alikuwa amenisitiri mbele ya watu wake wote, na hakunitaka. Niliumia, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuweza hata kumkasirikia.

Nilikwenda Kisauni, kwa sababu kutokwenda kungeonekana hasira. Nikatia disketi ya kwanza mpaka ya kumi, nikaunganisha faili, nikaliweka mahali pake. Mchezo ukafunguka wote, sehemu tatu kamili. Mashetani yakapiga kelele nyumba nzima, na mama mtu akasikika jikoni akisema audhubillahi.

Kaka mtu hakutazama kioo. Alinitazama mimi, na alikuwa na huzuni ya kweli.

"Ndugu yangu, sijui dada yangu ameona nini. Mimi ningekubali kwa mikono miwili. Mtu aliyehangaika na mashine ya mwenziwe wiki mbili nzima, bila kuchoka, bila kuficha kitu. Wanaume kama wewe ni wachache."

Pazia lilikuwa limetulia. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na kikaratasi kilikuwa mfukoni mwangu.

"Hapana neno, kaka," nikasema. "Ni ridhaa yake."

Kisha nikapokea mfuko wa mahamri niliofungiwa kwenda nao nyumbani. Nyuma ya pazia nikasikia kandambili zikiondoka, taratibu, kuelekea uani. Alikuwa amesimama pale muda wote.