Taarifa ya Habari Kwenye Posa ya Mjukuu

Jamani, leo nimenyamazisha posa nzima, na hakuna aliyenituma.

Tulikuwa nyumbani kwangu hapa Mikumi. Wageni wametoka Magole kumposa mjukuu wangu Zuhura, na ubishi ukawa umepamba moto: harusi ifanyike huku au kwao?

Mara ngoma zikalia. Zilezile za redioni, kabla ya habari!

Nikasimama wima. "Kimya! Taarifa ya habari!"

Enzi za Ujamaa kijijini kwetu, kijiji kinachoitwa Ulaya, redio ilikuwa moja tu, ya mwenyekiti. Ngoma zikilia, hata kichanga kilinyamazishwa.

Zuhura akaninong'oneza, "Babu, hiyo ni simu ya mgeni inaita."

Nilitamani ardhi inimeze.

Kutazama mbele, mshenga wao, mzee wa rika langu, naye kasimama, kiganja sikioni.

"Mbona hawasomi?" akauliza.

Nilicheka mpaka kofia ikadondoka. Tukajitenga pembeni, tukikumbushana betri tulizokuwa tukizianika juani zipate nguvu.

Tulipogeuka, vijana walishakubaliana. Harusi ni Mikumi, na wazee hatukuulizwa neno.

Wenzangu wa zamani, betri zenu mlizianika wapi? Sisi juu ya bati.